Gauni la Bibi: Nilifumue au Niliache

Jumamosi, mchana. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Kabula ameingiza kichwa kwenye mkono wa gauni la Bibi. Ni sasa hivi tu. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo nachochea mkaa wa pasi, nikasikia ule mlio wa uzi unaoachia, ambao mtu wa cherehani anausikia hata akiwa usingizini. Nikageuka. Nikamkuta amelishusha ukutani, amesimama katikati ya chumba, uso hauonekani, mkono wa gauni umemfunika mpaka mabegani kama mdudu anayetoka kwenye ganda, na sauti inatokea mle ndani: "Mama, mimi malkia."

Nimemvua polepole. Sikumpiga, hata kumgombeza sikumgombeza. Nimempa vipande vya vitambaa, amekaa sakafuni anajifunga mguuni, ameshasahau. Mimi nimekaa kitandani, gauni lipo mapajani, na kwapani pameachia. Bibi yuko uani kwenye mkeka anachambua choroko. Naona hajasikia kitu.

Sijui nisikitike au nifurahi.

Nafurahi kwa sababu kupitia hapo palipoachia nimechungulia ndani ya gauni, na nimeona kitu nilichokuwa nakitafuta wiki nzima. Nasikitika kwa sababu hilo si gauni la kuchanika. Ngoja nieleze, maana wengine mnanisoma kwa mara ya kwanza, na mimi mwenyewe nikiandika huwa kichwa kinatulia kidogo.

Naitwa Mama Kabula, naishi Kambarage hapa Shinyanga mjini. Shule niliishia kidato cha pili. Baba Kabula yuko machimboni upande wa Geita, anashuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, anarudi akipata nafasi. Mimi najifunza ushonaji kwa Mama Sabina, mwenye vyerehani viwili pale barazani kwake. Kimoja anakalia yeye. Cha pili hakalii mtu, kimefunikwa kitambaa, na sisi wanafunzi tunapokezana kukifuta vumbi. Tunashona kwenye cha kwake, yeye akiwa amekwenda kula.

Haya mambo ya nguo za zamani yalinianza saluni. Nilikuwa nasukwa, na mtu akisukwa kichwa si chake tena, kinaelekea kinakoelekezwa. Changu kilielekezwa kwenye televisheni. Kulikuwa na filamu ya Kizungu ya zamani sana, ya mabibi wanaoishi kwenye majumba na kupanda magari ya farasi, na juu yake yule jamaa wa kutafsiri anazungumza Kiswahili, anaongeza na ya kwake. Wenzangu mle ndani wanabishana huyu ataolewa na yule au na yule mwingine. Mimi nilimwona mfanyakazi wa ndani anamfunga bibi yake kamba mgongoni. Anavuta, anavuta, bibi ameshika nguzo ya kitanda. Kamera ikasogea karibu. Nikaona mishono ya mgongo inashuka kutoka begani mpaka kiunoni imejipinda kama mto, hakuna hata mmoja ulionyooka, na bado nguo imekaa mwilini kama imemwagwa.

Nikajiuliza, hii imekatwaje?

Hata sikujua filamu iliishaje. Nilitoka pale kichwa kinauma kwa kusukwa na kwa hiyo mishono.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa ajabu. Filamu yoyote yenye watu wa kale naitafuta kwenye simu, naisimamisha, nakuza picha mpaka inakuwa vidoti. Sokoni kwenye mitumba nachukua magauni yale ambayo hakuna anayeyataka, yenye mabega makubwa na vifungo vingi, napeleka nyumbani, sivai, nayafumua. Nakaa na wembe nakata uzi mmoja mmoja mpaka gauni linakuwa vipande sakafuni, halafu nalala na kuviangalia. Kipande cha mkono kikiwa chini hakifanani na mkono hata kidogo. Kinafanana na kilima. Hiyo ilinishangaza siku ya kwanza na bado inanishangaza leo.

Mama Sabina ananicheka. "Wenzako wanashona, wewe unafumua. Siku ukifungua duka lako uandike mlangoni, Mama Kabula Fundi wa Kuharibu."

"Naangalia ndani, Mama."

"Ndani kuna nini? Ndani kuna uzi."

Sasa kuna habari ya tenga. Naona aibu kidogo kuliandika.

Kwenye filamu moja wale mabibi walikuwa na sketi pana, pana kiasi cha kupita mlangoni kwa kujikunja. Sikuelewa ni nini kinazishikilia. Nilidhani ni magauni ya ndani mengi. Basi yule jamaa wa kutafsiri, wakati bibi mmoja anashuka ngazi, akasema, "Huyu dada humo chini amevaa tenga la kuku, angalieni asije akataga." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, kumbe.

Nikaenda kwa muuza kuku nikaomba tenga kuukuu. Akaniuliza una kuku wangapi, nikamwambia sina kuku, nina sketi. Alinitazama muda mrefu. Nililikata tenga juu, nikalizungushia vitambaa ili fito zisichome, nikalifunga kamba za kiunoni, halafu nikashona sketi ya kulifunika kwa mapazia ya zamani ya Mama Sabina. Nikavaa barazani. Lilisimama, jamani. Lilisimama kama nyumba ya msonge. Nilizunguka na sketi ikazunguka nyuma yangu imechelewa kidogo, kama kwenye filamu. Ila sikuweza kukaa, na nilinuka kuku, na jogoo wa jirani alinifuata mpaka kwenye bomba la maji.

Mama Sabina alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu alipomaliza kucheka akalining'iniza nje ya baraza, tenga na yote. Akasema angalau litavuta wateja.

Baadaye sana niliona filamu nyingine, bibi anavalishwa kuanzia mwanzo, na humo chini kweli kulikuwa na kitu cha fito za duara zilizofungwa kwa tepe. Tenga kabisa. Yule jamaa alikuwa anatania na akawa amesema kweli bila kujua, na mimi niliyeamini utani nikawa nimeshona sawasawa kwa makosa. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyikiwa, na hakijapona mpaka leo.

Gauni la tenga ndilo lililomsimamisha Mama Mchungaji. Alikuwa anapita, akasimama, akauliza nani kashona hili. Mama Sabina akaninyooshea kidole kama anayenishtaki. Mama Mchungaji akaeleza kwamba kanisani kwao wana sherehe, na akina mama wa kwaya wataigiza jinsi wanawake wa kwanza wa huku walivyobatizwa enzi za misheni. Wanataka nguo za kizamani. "Kama hizi hizi, za kwenye filamu. Watu wakiziona wajue ni zamani."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Alipoondoka, Mama Sabina alirudi kupima kitambaa. Halafu akasema bila kunitazama, "Hiyo kazi ni yako, mimi siigusi. Ikitoka vizuri, kile cherehani cha pili utakikalia wewe. Ikitoka ovyo utarudi kwenye kupiga pasi."

Mnaelewa maana ya hilo neno. Kukikalia cherehani ni kuwa fundi. Mteja anakuja anakuuliza wewe, si yule wa pembeni yako. Kabula akiulizwa shuleni mama yako anafanya kazi gani, anajibu. Ninaitaka hiyo nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, ukiacha mtoto mzima.

Wakati huo Bibi alikuwa ameshafika kwangu. Ni mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea, anakaa kijijini mbele ya Kolandoto. Alikuja mjini kutibiwa macho, na kwa kuwa anatakiwa kurudi kuangaliwa, anakaa hapa na sisi. Ananiita mke mwenza. Mume wangu ni mume wake, ndivyo mabibi wanavyotania wajukuu, na kila Baba Kabula akipiga simu lazima aongee na mke mkubwa kwanza. "Mume wangu, huyu mdogo uliyemleta hajui kupika michembe ya viazi, sijui ulimpendea nini." Baba Kabula anacheka mpaka anakohoa.

Basi nikamweleza Bibi habari ya igizo. Nikamwonyesha sketi ya tenga. Aliishika, akazipapasa zile fito, maana macho yanamwonyesha ukungu tu, lakini vidole viko salama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya wanawake wa zamani, Bibi. Waliobatizwa."

"Wanawake wa wapi?"

"Wa huku."

Alicheka taratibu, kicheko cha mtu anayejizuia asiumie mbavu. "Mke mwenza, sisi tulivaa tenga lini? Mtu ameamka alfajiri anakwenda kulima pamba, ana mtoto mgongoni, avae tenga? Kuku watakaa wapi?"

Halafu akaniambia nimletee mkoba wake. Chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa na majani makavu ya mwarobaini, akatoa gauni. Jeupe la kitambaa cha marekani, sasa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Alilishona mwenyewe kwa mkono akiwa msichana, alipofundishwa sindano na akina mama wa misheni. Alibatizwa nalo. Aliolewa nalo.

Sijui niandikeje nilichokiona.

Mabega yamevimba kwa marinda madogo madogo, kama yale ya kwenye filamu. Kiuno kimeingia bila kubana. Mishono ya mgongo imejipinda, imejipinda kabisa, kama ya yule bibi aliyeshika nguzo ya kitanda. Kumbe kile nilichokifuata saluni na kwenye simu kilikuwa kimekunjwa kwenye kanga ya Bibi yangu miaka yote, na mimi nimelelewa kwake, nimelala kitanda kimoja naye.

Lakini halikuwa sawa na la filamu. Nilimvalisha Bibi, akainua mikono yote miwili juu kama anayetwanga. Gauni halikupanda. Jaribuni na gauni lenu lolote lililobana kwapani, mwone. Nguo yote inafuata mikono, upindo unapanda mpaka magotini. La Bibi lilibaki limetulia. Wale mabibi wa filamu sijaona hata mmoja anainua mikono juu ya kichwa. Nani angewatuma kutwanga?

Nilimwambia Mama Mchungaji habari hiyo kwa hofu, nikidhani nitapoteza kazi. Alikuja nyumbani, akalishika gauni. Akasema, "Basi achana na ya filamu. Nataka hili. Akina mama wote wavae hili."

Na hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Mimi sijui lilivyokatwa. Nimelipima kila upande kwa futi kamba. Nimekata karatasi, nimeshona la majaribio kwa shuka kuukuu, mikono ikagoma. Nimerudia, ikagoma tena. Ukiinua mkono gauni linapanda, kama magauni yote ya hapa mjini. Siri iko kwapani, na kwapani Bibi alifunika kwa bitana ya mfuko wa unga, ameishona kwa mkono pande zote, mishono midogo kama mayai ya chawa. Kinachoendelea chini ya hiyo bitana sikioni. Nikitaka kukiona lazima nifumue.

Nikamuuliza. Nilimuuliza asubuhi moja tukinywa uji.

"Fumua," alisema. Bila kufikiri. "Ni nguo tu."

Nikafurahi. Nikamtumia picha Mama mkubwa, yule anayelima tumbaku Ushetu, dada yake mama, nikijidai. Nikaandika angalia kitu nilichopewa na Bibi, nakifumua leo nijifunze. Simu ikaita hapo hapo. Hakusubiri hata shikamoo.

"Umeligusa?"

"Bado."

"Usiliguse. Hilo ndilo tutakalomzika nalo mama. Alisema mwenyewe, sote tunajua, wewe tu ndiye hujui. Ukilifumua utamvika nini? Mapazia?"

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya mlango.

Ndipo nikaelewa kwa nini mtu anayekuja mjini kutibiwa macho anabeba gauni ambalo havai. Alipoondoka kijijini alibeba na nguo yake ya mwisho, kama mwingine anavyobeba mwavuli. Aliliweka kwenye mkoba chini ya kitanda changu, na mimi kila asubuhi nafagia nausogeza ule mkoba huku, naurudisha kule.

Tangu siku hiyo sijamwambia Bibi kwamba najua. Na yeye hajaniuliza mbona sifumui. Tunakula pamoja, tunataniana, nampaka mafuta miguuni, na lile gauni limetundikwa ukutani katikati yetu.

Kinachonitesa ni lile neno lake, ni nguo tu. Alikuwa na maana gani? Kama bado anataka kuzikwa nalo, basi amenipa kitu chake cha mwisho ili mimi nikalie cherehani, na mimi nitakuwa mjukuu gani nikikichukua? Kama hataki tena kuzikwa nalo, ni kwa sababu gani? Labda amepona moyoni, ameona bado yupo yupo. Au labda amechoka kabisa, haoni tena kama inafaa kujali atavaa nini. Hayo mawili yanafanana sana ukiyatazama kwa nje. Nimemtazama akila. Anakula vizuri. Nimemtazama akicheza na Kabula. Anacheka. 

Nilimpigia Baba Kabula.

"Wewe unaogopa nini, fumua. Si kakuruhusu mwenyewe?"

"Mama mkubwa anasema ni la maziko."

 Nyuma yake nasikia mashine ya kusaga mawe inanguruma.

"Ah. Hapo sasa."

"Hapo sasa nini?"

"Hapo sasa usiniulize mimi, mama. Mimi nimeoa tu huko." Halafu akaongeza, sauti imeshuka, "Lakini hata sisi huku, duara tukilifungua hatuwezi kulirudisha lilivyokuwa. Ufikirie hilo."

Asante sana, baba, umenisaidia.

Kuna jambo moja la kusema ukweli, na hapa ndipo pa kulisemea kwa sababu Mama Sabina hasomi blogu. Najidai nataka kufumua kwa ajili ya igizo, kwa ajili ya kanisa, kwa ajili ya cherehani cha pili. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hata igizo likifutwa leo, bado nitataka kuona humo ndani. Ni uroho. Ni ule ule unaonifanya niharibu magauni ya mitumba nikiwa peke yangu na kusikia raha. Na hilo linanitisha, kwamba ninaweza kumpenda Bibi hivi na bado mikono yangu inawashwa kumkata uzi.

Na lingine. Kwa nini ilibidi nianzie kwa wale mabibi wa majumba? Nimekesha nikipenda nguo za watu ambao wangeniona mlangoni kwao wangenipa ndoo nikafue. Gauni la mtu aliyenibeba mgongoni sikuwahi hata kuliuliza. Lakini kama nisingeziona za kwao, siku Bibi angenitolea la kwake ningeona nini? Ningeona nguo kuukuu yenye harufu ya mwarobaini. Nisingeona mishono iliyojipinda. Kwa hiyo niwashukuru au niwachukie? Mwenye jibu aniandikie hapo chini.

Mawingu bado yapo. Kabula amelala sakafuni na vitambaa vyake mguuni.

Nirudi kwenye hiki kilichotokea leo. Pale Kabula alipopavuta, bitana imeachia kidogo, na nimechungulia. Chini ya kwapa hakuna mshono. Nilitegemea kukuta mshono wa ubavu unapanda unakutana na wa mkono, kama tunavyoshona sote. Haupo. Kuna kipande kinachoanza kwenye mkono, kinapita kwapani, kinashuka ubavuni, kipande kimoja bila kukatwa. Kinaishia wapi sioni. Kimeingia gizani chini ya bitana. Kidole changu kinafika, jicho halifiki.

Na nimeona kingine. Pembeni ya mshono kuna matundu ya sindano ya zamani, mistari mistari, mahali mshono uliwahi kupita ukahamishwa. Bibi alilipanua hili gauni. Halafu akalipunguza, halafu akalipanua tena. Alikuwa na mimba humo. Mama mkubwa alikuwa humo, mama yangu alikuwa humo. Nimeweka kidole kwenye hayo matundu, moja baada ya jingine.

Sasa naona njia mbili tu. Nitie uzi kwenye sindano nishone hapo palipoachia, mishono midogo kama ya kwake, nikunje gauni kwenye kanga na majani yake, nimwambie Mama Mchungaji ukweli kwamba sijui, akina mama wavae magauni yanayopanda wakiinua mikono kusifu, na nirudi kwenye kupiga pasi. Au nichukue wembe niendelee hapo mtoto alipoanzia, nijifanye ni bahati mbaya iliyonifikisha.

Hiyo ya pili nimeifikiria kweli. Nilishaushika wembe. Nimeuweka juu ya kabati, mbali na Kabula na mbali na mimi.

Nadhani nilikosea swali. Nilimuuliza Bibi kama naruhusiwa kufumua. Hilo ni swali la fundi. Swali la mjukuu ni lingine, na sijaliuliza kwa sababu nikiliuliza nitakuwa nimekubali kwamba siku hiyo ipo. Bibi, siku ile nikuvike nini? Ni maneno machache tu. Nimeyasema kimya kimya hapa kitandani. Hata kuyaandika nimeyafuta nikayaandika upya.

Lakini nitamuuliza. Nikimaliza kuandika hii nitakwenda pale kwenye mkeka, nitamwonyesha alichokifanya Kabula, nitamwambia ninajua habari ya gauni, na nitamuuliza. Akisema ni hili, nalishona nalirudisha kwenye mkoba, na cherehani cha pili kiendelee kufunikwa kitambaa. Akisema si hili, itabidi nimuulize na

Ngoja, Bibi anaita.

Anasema, "Mke mwenza, huyo mtoto kachana nini humo ndani, mbona umenyamaza hivyo?"

Kumbe alisikia. Alisikia tangu mwanzo, amekaa na choroko zake ananisubiri.

Nimemjibu kwa sauti kwamba ni kwapani, gauni lake, na kwamba Mama mkubwa alinipigia akasema ni la. Nimeishia hapo. 

 Nasikia choroko zinamwagika kwenye ungo.

Sasa anasema Mama mkubwa alikuwa hajazaliwa wakati analishona, kwa hiyo asimpangie. Anasema nilete gauni, nilete na wembe, ataanza yeye kwa mikono yake kwa sababu anajua alipofunga fundo la mwisho, mimi nikae karibu nitazame. Na la kuvaa yeye siku hiyo nitamshonea mimi nikishajua kukata, si Mama mkubwa, si mtu wa mjini, mimi. Jipya, la marekani. Anasema niache simu nitoke, mwanga unapotea, na nisisahau kumwekea kile kipande cha kwapani kwa sababu huko anakokwenda hawezi kukaa mikono imebanwa wakati kuna mama yake wa kumkumbatia. Naweka simu, natoka.